Jinsi nilivyowahamisha popo wa darini bila kuwaua

Nyumba yetu iko Majengo, Mombasa. Ni nyumba ya Kiswahili aliyoijenga marehemu baba: kuta za tumbawe na chokaa, paa la mabati, na chini ya mabati dari ya mbao nyembamba. Popo walikuwamo darini tangu mimi mdogo. Adhana ya magharibi ikimalizika walianza kuchuruzika mmoja mmoja kwenye mwanya wa upenu upande wa uani, na sisi watoto tukiwahesabu mpaka giza litushinde. Hakuna aliyewaona kuwa shida hadi mama alipopata pumu. Kinyesi kilikuwa kimejaa juu ya dari, harufu ya mkojo inashuka hadi chumbani kwake, na daktari akasema vumbi lile halimfai kabisa.

Nikaita fundi. Ilikuwa Februari, kaskazi imeshika na upepo hautoshi hata kutikisa nguo kambani. Alikuja saa tano asubuhi, popo wote wamelala ndani, akaziba kila mwanya kwa simiti, akapokea pesa zake akaenda. Usiku kucha walikwaruza mbao. Wachache walipata tundu kwenye dari wakaangukia ukumbini. Kesho yake saa tisa mchana nilipanda ngazi nikabandua ubao mmoja. Joto lililonipiga usoni lilikuwa la tanuri la mkate. Popo kadhaa walikuwa wamekwisha kufa, mbawa wazi, juu ya kinyesi. Na pale juu ya ukuta, mabati yanapokutana na jiwe, kulikuwa na vitoto: vyekundu, havina unyoya hata mmoja, vimebanana kama punje za bunzi la mahindi, kila kimoja hakizidi ncha ya kidole changu.

Mama alikuwa chini ameshika ngazi. Akaniuliza, "Wazima, mwanangu?"

"Baadhi, mama."

Hakusema tena. Kabla jua halijazama nilikuwa nimeipasua simiti yote kwa patasi. Watatoka, niliamua, lakini watoke hai, na wakiwa na pa kwenda.

Kazi yangu ni kutengeneza friji na viyoyozi, kwa hiyo nilianza na kitu nilichokijua: joto. Nina kipimajoto chenye waya mrefu, kile tunachokiingiza ndani ya friza mlango ukiwa umefungwa. Niliingiza nyaya tatu darini, mmoja kwenye kilele cha paa, mmoja katikati, mmoja juu ya ukuta, nikaandika vipimo wiki nzima. Saa nane mchana kilele kilifika nyuzi 46 za Selsiasi, na ukutani 36. Lakini saa nne usiku hesabu iligeuka: chini ya bati 26, ukutani 31. Bati hushika moto upesi na kupoa upesi. Tumbawe hunywa joto mchana kutwa, kisha hulitoa polepole hadi alfajiri. Wale mama popo walikuwa wamewaweka watoto mahali ambapo, wao wakienda kuwinda wadudu, ukuta ungebaki kuwalea. Kitoto kisicho na manyoya hakiwezi kujitengenezea joto la kutosha, ndiyo maana vinabanana vile.

Nilisoma kila nilichokipata kuhusu popo. Duniani wako zaidi ya aina 1,400, takriban aina moja kati ya kila aina tano za wanyama wanaonyonyesha. Wetu ni wale wadogo ambao mkia umechomoza nje ya ngozi kama wa panya, na chakula chao ni wadudu. Sio wale wakubwa wanaovamia mikungu usiku na kutuachia kokwa za kungu barazani, ambao pia ndio wanaochavusha maua ya mibuyu kama ile ya bustani ya Mama Ngina hapa Mombasa, maua yanayofunguka jioni yakining'inia. Watu wa mtaani huwaweka wote kapu moja, na si haki. Wetu hawakugusa hata papai moja.

Jambo lililonichukua muda kulielewa ni hili la ukubwa wa mwili. Kahawa ikiwa ndani ya dele hukaa moto muda mrefu. Imimine kwenye kikombe, ukipiga soga kidogo tu imepoa. Kitu kidogo kina ngozi nyingi kwa kulinganisha na nyama yake, na joto hupitia kwenye ngozi. Popo wa gramu kumi hivi ni kikombe, tena kikombe chenye mbawa mbili tupu zisizo na manyoya, zimejaa mishipa ya damu. Akiruka, misuli inatoa joto jingi hata mwili wake unapita nyuzi 40, na mbawa ndizo zinazolitupa nje. Akitulia, mbawa hizo hizo zingempotezea joto, basi huzikunja.

Kwa binadamu mambo ni tofauti. Sisi tumefungwa kwenye 37, kama friji ambayo kompresa yake haipumziki, na gharama yake ni chakula na jasho. Mwili wa mtu ukipanda kupita 40 kwa joto la jua, hapo ni hatari ya kifo. Watafiti kusini mwa Afrika walipopima popo wa jamii ya hawa wetu, waliwakuta wanakaa chini ya mapaa yanayopita nyuzi 40 na kuuachia mwili upande pamoja na hewa. Faida yake ni maji. Mnyama anayeng'ang'ania kuwa baridi kuliko hewa inayomzunguka hana budi kupoteza maji, kwa jasho, kwa kuhema au kwa kujilamba mate, na mwili wa gramu kumi una maji kiasi gani? Hata hivyo kuna mpaka. Mwezi Novemba 2018 karibu na Cairns, Australia, joto lilipita nyuzi 42 na popo wakubwa wa matunda wapatao 23,000 wakafa kwa siku mbili tu. Niliposoma habari hiyo niliwaona tena wale waliolala juu ya kinyesi.

Upande wa pili wa jambo hili nilioneshwa na popo mmoja tu. Ilikuwa Julai, kusi inavuma, asubuhi ile nyuzi 21. Nilimkuta uani juu ya sakafu ya simiti, amejikunja, baridi kama kokoto. Mama alisema tumfukie. Nilivaa glavu nene kwanza, kwa sababu popo huweza kubeba virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa. Kimoja kiligunduliwa mwaka 2009 kutoka kwa popo wa pango huku kwetu Pwani, Shimoni, na kikapewa jina la huko huko. Nikamweka ndani ya katoni ya viatu juu ya kipande cha leso, nikaegemeza waya wa kipimajoto mgongoni pake. Ulisoma 23. Nikamwacha, nikanywa chai. Nilikuta waya unasoma 26, na popo anatetemeka, mtetemeko mdogo sana, kama simu inayoita ndani ya mfuko. Kisha 29. Kisha 33. Baada ya kama dakika ishirini alifungua mdomo akanionesha meno, kipimo 35, mzima kabisa.

Hakuwa amekufa, alikuwa amejizima. Chakula kikiwa haba au hewa ikipoa, popo wengi huacha mwili upoe karibu sawa na hewa, moyo ukapiga taratibu mno, kama moto wa kuni uliofunikwa jivu. Akihitaji, huupuliza tena kwa kutetemeka. Popo wa jamii yake hawezi kupaa vizuri kutoka sakafuni, mbawa zake ni ndefu na nyembamba, anahitaji kudondoka kwanza ndipo aruke. Nilimwegemeza ukutani na ile leso, akapanda kwa kucha hadi juu ya mlango, akajiachia, akazunguka ua mara moja na kuingia kwenye mwanya wa upenu. Mama alicheka kwa furaha mpaka akakohoa.

Kuwatoa kwenyewe hakukuwa kugumu. Kugumu ni kungoja. Popo hawa, kwenye nchi za joto, huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, basi hakuna mwezi unaoweza kuuandika kwenye kalenda ukasema huu ni salama. Nilipanda usiku wakubwa wakishatoka, na tochi niliyoifunika karatasi nyekundu, nikaangalia juu ya ukuta. Kukiwa na vitoto, nashuka. Agosti nilipanda mara tatu, siku kadhaa zikipita kati yake, sikuona hata kimoja. Hapo nikafunga neti laini ya plastiki yenye matundu madogo juu ya mwanya, juu na pembeni nimeikaza, chini nimeiacha wazi ikining'inia kama nusu mita. Popo akitoka hutambaa chini ya neti na kuruka. Akirudi, hutua pale pale alipozoea, akakuta neti. Nikaiacha usiku saba, kisha nikaziba.

Kinyesi nilikitoa kwa kukirashia maji kwanza, nimefunga barakoa na glavu, maana humo hukaa kuvu ambao vumbi lao huingia mapafuni. Mama alikuwa kwa shangazi Likoni siku hizo. Magunia manne.

Sanduku la kuwahamishia popo ndilo lililonipa funzo. Nililitundika tangu Aprili ili walizoee kabla ya kufukuzwa, mbao chakavu zisizopigwa randa wapate kushika kwa kucha, chini wazi, ukuta wa magharibi. Hakuingia hata mmoja. Nikatia waya: saa kumi alasiri nyuzi 45, juu na chini sawa. Ndipo nikaelewa kosa langu. Darini walikuwa na 46 kileleni na 36 ukutani, na katikati kila kiwango, hivyo popo alihama hatua chache tu akapata joto alitakalo saa hiyo. Sanduku langu lilikuwa na kiwango kimoja, tena kibaya. Nililivunja nikatengeneza jingine refu, karibu mita moja, vyumba vyembamba vitatu vya upana wa kidole, matundu ya hewa theluthi ya chini, ukuta wa mashariki lipate jua la asubuhi, na juu yake kijipaa cha makuti kilichoachana na mbao ili hewa ipite. Juu 40, chini 33. Nikaridhika.

Wengi wao walikwenda kwingine, na sijui wapi. Kwenye sanduku wa kwanza aliingia wakati wa vuli, Novemba. Mama, ambaye sasa analala chumba kisicho na harufu na dawa yake ya kuvuta haitumii kila usiku, huweka kigoda uani baada ya magharibi na kuwahesabu kama tulivyokuwa tukifanya. Alipofika kumi na saba aliniita nije nimhakikishie.

Februari hii, saa nane mchana, nilipita chini ya sanduku nikaona pua zimejipanga kwenye ukingo wa chini. Wote walikuwa wameteremka kutoka juu kwenye joto, wakipanua mbawa nusu. Waya wa juu ulisoma 43. Nikaenda kuleta ngazi, nikaongeza makuti.