Mezani kwa Mwenyeji Asiyekuwepo

Mjomba wangu alipofika Padova, Italia, mwezi Oktoba, miaka kadhaa iliyopita, akiwa amekwisha kuuza mavuno yake ya pili ya mwaka huko Hombolo, mkoani Dodoma, hakutaka kuonyeshwa makanisa wala majumba ya kale. Alitaka kuona mizabibu ya watu wengine. Nilimweleza kwamba wakulima wa huku huvuna mara moja tu kwa mwaka, naye akanitazama kwa huruma, kana kwamba nimemwambia wana ng'ombe asiyetoa maziwa.

Tulipanda treni asubuhi, tukabadilisha Mestre, tukashukia Conegliano, mji wenye shule ya utengenezaji wa mvinyo iliyoanzishwa mwaka 1876, kisha tukachukua basi la kwenda Valdobbiadene. Vilima vya huko si virefu, lakini vimebanana kama migongo ya ng'ombe waliolala zizini, na karibu kila mteremko umepandwa mizabibu kuanzia chini hadi kileleni. Mjomba aliacha kuzungumza kwa muda mrefu, jambo ambalo si la kawaida yake.

Kutoka Valdobbiadene tulitembea kilomita tatu hivi kuelekea kijiji cha Santo Stefano. Matuta ya huko hayakujengwa kwa mawe, bali yameshikiliwa na nyasi zilizoachwa ziote makusudi ili mizizi yake izuie udongo usiporomoke, na matuta hayo ni sehemu ya sababu zilizofanya vilima hivi viingizwe katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2019. Mjomba aliinama akazivuta nyasi kidogo, akaridhika. Mteremko ulikuwa mkali kiasi kwamba trekta lisingeweza kupita, kwa hiyo kupogoa na kuvuna hufanywa kwa mikono. Hukadiriwa kwamba hekta moja mahali kama hapa huhitaji takriban saa 600 za kazi kwa mwaka, wakati ile ya tambarare huhitaji kama 150.

Eneo lenye sifa kuliko yote huitwa Cartizze. Lina hekta 107 tu, zilizogawanywa kati ya wakulima wapatao 140, na bei ya hekta moja hutajwa kuzidi yuro milioni 1. Mjomba alipiga hesabu kwa vidole, akabadilisha hekta kuwa ekari, akasema, “Basi kwa wastani kila mmoja hana hata ekari mbili kamili, mjomba.” (Kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja, na wasafiri waliotusikia kwenye basi huenda walidhani tumechanganyikiwa.) Kisha akakumbuka msimu mmoja ambapo mnunuzi aliyekuwa ameahidi kuchukua zabibu zake hakutokea, zikaozea kwenye makreti, na tukapanda sehemu iliyobaki bila maneno mengi.

Mahali tulipokuwa tukienda huitwa Osteria senz'oste, maana yake mkahawa usio na mwenyeji. Ni nyumba ya zamani ya wakulima, ya mawe, iliyo juu kidogo ya barabara katikati ya mizabibu. Tulikuta mlango uko wazi. Mjomba alisimama kizingitini, akavua kofia, akabisha, “Hodi!” Akanyamaza akisubiri. Akabisha tena, na mara ya tatu akabisha kwa sauti ya juu zaidi, kwa kuwa alisikia watu wakicheka upande wa pili wa nyumba. Hakuna aliyeitikia. Nilimwambia kwamba hapa mtu huingia tu, lakini mguu wake haukuvuka kizingiti. Mwishowe nilipita pembeni yake, nikaingia, nikageuka, nikamwambia, “Karibu, mjomba.” Hapo ndipo alipoingia.

Ndani kulikuwa na jiko la kizamani, meza nzito ya mbao, mkate, mayai ya kuchemsha, jibini, na chupa za mvinyo zikipozwa. Kulikuwa pia na soppressa, soseji nene iliyokaushwa ya nyama ile ambayo kwetu huitwa kitimoto, ikiwa juu ya ubao pamoja na kisu chake. Bei zilikuwa zimeandikwa. Wakati huo mgeni alikata mwenyewe, alijimiminia mwenyewe, alijumlisha mwenyewe, alitia fedha mahali pa kulipia, na alipomaliza aliondoa vyombo vyake. Kuta zilikuwa na vikaratasi vingi vya salamu vilivyoachwa na wageni wa lugha mbalimbali.

Mjomba alikishika kisu, akakijaribu makali kwa kidole gumba, akakata vipande vyembamba mno. Nilimwambia akate vinene kidogo. Alinijibu kwamba angekuwepo mwenye nyumba angekata vinene, lakini kwa kuwa hayupo, mkono unakuwa mzito. Nadhani alichosema kilikuwa sahihi kuliko maelezo yote niliyokuwa nimesoma kuhusu mahali hapo. Mteja wa kawaida huacha hesabu kwa mhudumu, akalalamika ikizidi na kunyamaza ikipungua. Hapa tulijikuta tumekuwa wahudumu na wahasibu wa nafsi zetu, na hakuna aliyetuhurumia kwa makosa ya kujumlisha.

Tulibeba chakula chetu nje, tukakaa kwenye benchi lililotazama bonde la mto Piave. Majani ya mizabibu yalikuwa ya manjano, mavuno yakiwa yamekwisha. Nilimweleza mjomba kwamba mvinyo tuliokuwa tukinywa, prosecco, hutokana hasa na zabibu za aina ya glera, na kwamba mapovu yake hupatikana kwa kuuchachusha mara ya pili ndani ya matangi ya chuma yaliyofungwa, wakati shampeni huchachushiwa ndani ya chupa. Alionja, akatafuna ulimi, akasema ni mwepesi lakini msafi. Kisha akarudi kwenye jambo lililomsumbua: “Mali bila daftari huisha bila habari. Huyu bwana daftari lake liko wapi?”

Swali hilo lilikuwa limekwisha kuulizwa na mamlaka ya kodi ya Italia, ambayo haikuliona jambo hili kama ukarimu wa mkulima kwa wapita njia, bali kama biashara inayopaswa kutoa risiti. Mjomba alipolisikia hili alicheka hadi akaweka glasi chini. Alisema serikali zote zina mama mmoja. Hata hivyo hakuwa upande wa mwenye nyumba moja kwa moja, kwani aliona kwamba imani hii inalindwa na mambo mengine: kila benchi lilikuwa na watu, kila mtu alimwona mwenzake akiingia na kutoka, na mtu aliyepanda mlima mzima kwa ajili ya sifa za mahali hawezi kushuka akiwa ameiba jibini. Hombolo, alisema, zabibu zikikaribia kuiva huweka mlinzi wa kufukuza ndege na watoto, na watoto humshinda. Nilimkumbusha kwamba na mimi nilikuwa miongoni mwao. “Najua,” alisema. “Nilikuwa nakuona.”

Wakati wa kulipa niligundua uzembe wangu. Jumla yetu ilikuwa yuro 26 na senti 50, nami nilikuwa na noti ya 20 na ya 10, bila sarafu hata moja. Niliona tutie zote mbili tuondoke. Mjomba alikataa katakata, akasema kwamba zawadi ni zawadi na deni ni deni, na kwamba hajaja Ulaya kugawa chenji. Akarudi ndani, akasoma bei tena, akachukua mayai na pakiti ndogo ya biskuti hadi zilipobaki senti chache, ambazo alizisamehe kwa mkono, kama anayemsamehe mtu aliye mbele yake. Kisha akafuta meza, akaosha glasi zetu, akachungulia jikoni mara moja zaidi, akaaga: “Haya, tumeondoka.”

Kwenye treni ya jioni, baada ya kupita Treviso, alitoa yai mfukoni, akalimenya taratibu na kuyakusanya maganda kwenye tiketi ya basi, akaniuliza kama nilikumbuka kuchukua chumvi.