Bwawa lilinuka klorini, kumbe klorini haikutosha

Mvua za Aprili zilipokolea huku Entebbe, watoto wakawa wanatoka bwawani macho mekundu. "Baba, dawa imezidi!" Niliwaamini, maana harufu ilifika hadi barazani. Kijana aliyetutunzia bwawa alikuwa na tiba moja kwa kila ugonjwa: anatupia vidonge vya klorini, anachukua pesa yake, anaondoka. Nikaachana naye, nikanunua kisanduku cha vipimo vya DPD, dawa inayoyageuza waridi maji yenye klorini.

Maji ya kupima hayachotwi juujuu. Nilizamisha mkono hadi kiwiko, mbali na tundu la pampu. Kidonge namba 1 kikayapa maji rangi ya waridi hafifu mno: klorini huru, yaani ile ambayo bado haijashikana na uchafu, miligramu 0.5 kwa lita, nayo inatakiwa 1 hadi 3. Nikatia namba 3 ndani ya kichupa kilekile, rangi ikakolea hadi 1.5. Hiyo 1 iliyoongezeka ndiyo klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo (ndiyo, mkojo, tusidanganyane), na ndiyo inayonuka na kuwasha macho. Kumbe dawa ilikuwa haitoshi! pH, kipimo cha asidi, nayo ilikuwa njano kabisa, 6.8, yaani asidi imezidi, na alkalini, ile inayoizuia pH kuyumba, 50 tu. Vidonge vya yule kijana vina asidi, na mvua ilikuwa imeizimua alkalini ambayo ingeihimili.

Nilianza na alkalini, kwa sababu ikipungua pH haitulii. Gramu 17 za sodiamu baikaboneti, ileile ya kuumulia mandazi, huipandisha kwa 10 katika mita moja ya ujazo. Letu ni la mita za ujazo 45; kufika 90 nilihitaji kilo 3 hivi. Nikamwaga kidogokidogo pampu ikizunguka. Kesho yake pH ilisoma 7.3.

Ikabaki kuivunja ile klorini iliyoshikana, ambayo huhitaji klorini mpya mara kumi yake. Gramu 700 za unga wa klorini wa asilimia 65 zingetosha. Mimi, kwa hasira, nikamwaga kilo nzima. Angalau nilitumia ndoo safi: unga huo ukikutana na vile vidonge vya kijana unaweza kulipuka.

Asubuhi nikapima. Maji meupe, sifuri! Nilishakamata kopo niongeze, mke wangu akanizuia.

"Baba Sanyu, ulipotia kidonge si yaligeuka waridi kwanza?"

Kweli, yaligeuka mara moja tu kisha yakapauka. Klorini ikizidi sana huila rangi ya kidonge chenyewe. Nikachanganya sehemu moja ya maji ya bwawa na nne za maji ya chupa: 2.6. Mara tano, 13.

Tukaliachia jua kazi ya kuipunguza. Watoto walinuna siku tatu, miguu ikining'inia ukutani. Siku ya nne kipimo kilisoma 2.8, na kabla sijamaliza kusuuza kichupa, mdogo alisharuka na kandambili zake.