Nimeruka, sijaenda popote

Leo nimeamka saa kumi na moja alfajiri bila simu kunipigia kelele. Niko likizo nyumbani Mtwara, na jana rafiki yangu alinikabidhi funguo za Cessna 172 yake. Ndiyo, funguo. Ndege hizi zinawashwa kwa ufunguo kama Corolla, na miaka yote hii bado hilo linanichekesha.

Uwanjani umande ulikuwa unachuruzika kwenye mabawa. Nikapanda kuchungulia matangi, nikashuka, nikachuja mafuta kidogo chini ya bawa kwa kikombe cha plastiki. Petroli ya ndege ndogo hutiwa rangi ya buluu makusudi, mtu asije akaichanganya na mafuta ya aina nyingine, kama ya ndege za jeti. Maji yakiwemo huzama chini ya petroli na kukaa kama ushanga. Leo ushanga ulikuwepo, mmoja, mdogo kama punje ya ulezi. Nikamwaga, nikachuja tena, nikamwaga tena, hadi kikombe kikawa buluu tupu. Kazini, ninakorusha ndege ya abiria, haya yote anayafanya fundi, mimi naletewa karatasi nitie sahihi. Sikujua kama nimeyakumbuka mpaka vidole viliponuka petroli.

Saa kumi na mbili na nusu nikawa hewani. Kusi bado halijaamka saa hizo. Nikaelekea Mikindani, bahari imekupwa, kina mama wametapakaa kwenye mafungu na ndoo zao. Mmoja alisimama akaziba jua kwa kiganja kunitazama. Kwenye ndege ya abiria nakuwa futi elfu kumi na tano au ishirini juu ya watu hawa, kichwa kimeinamia orodha ya maandalizi ya kutua. Napita nyumbani kwetu kama mtu anayepita msibani bila kuingia.

Kutoka hapo nikafuata ufuo hadi Msimbati, nikauona mdomo wa Ruvuma, mchanga umejipanga katikati ya maji kama mikeka iliyoanikwa. Nikageuza kabla ya kuufikia. Ng'ambo ni Msumbiji, na huko hakwendwi kusalimia tu.

Wakati wa kurudi nikapitia Naliendele kuliona shamba la mama. Nikalijua kwa ule mkorosho mkubwa wa kisimani. Nikalizunguka mara mbili nikiwa nimelalia bawa la kushoto, na hapo ndipo tatizo la ndege yenye mabawa linapojitokeza: haisimami. Bawa linataka upepo upite juu yake, ukizubaa unaanguka. Jambo unalolipenda unalizunguka tu.

Ndiyo maana mwaka jana, helikopta ndogo ya pangaboi moja ilipofika Lindi na mwenyewe akaniambia nijaribu, sikungoja kuombwa mara mbili. Nilijua nadharia yote: pangaboi ndilo bawa lenyewe, linajizungushia upepo wake, kwa hiyo chombo kinaweza kutulia pale pale hewani. Kutulia! Mkono wa kushoto unainua, wa kulia unasogeza, miguu inazuia mkia usizunguke, na ukigusa kimoja viwili vinavyobaki vinadai haki yao. Mimi, rubani wa abiria sabini, niliyumba juu ya majani kama mtu aliyeshinda kwenye uraka, pombe ya mabibo. Mwalimu aliyekaa pembeni yangu alinyamaza kwa adabu. Kama dakika ya arobaini hivi, kwa sekunde nne au tano, ilitulia. Niliona panzi kwenye jani. Sijawahi kumweleza mtu furaha ile vizuri, na hapa pia naona nimeshindwa.

Turudi leo. Kutua kulikuwa aibu. Macho yangu yamezoea kukaa juu, maana kwenye ndege kubwa magurudumu yanagusa lami rubani akiwa bado mita kadhaa juu yake. Nikanyanyua pua mapema mno, kasi ikaisha, kandege kakadunda mara mbili. Mzee anayefyeka majani pembeni akasimamisha fyekeo lake.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Zile mbili umezilipia?”

Nyumbani mama alikuwa anachambua kisamvu.

“Ulikwenda wapi asubuhi yote hii?”

“Sijaenda popote, mama. Nimeruka tu, nikarudi.”

“Umechoma mafuta yote hayo kwenda usikokwenda?”

“Nimekwenda kuliona shamba lako. Nimelizunguka mara mbili, na ule mkorosho wa kisimani nimeuona, umechanua kweli kweli.”

Aliacha kuchambua.

“Mkorosho wa kisimani ulianguka tangu masika, mwanangu. Wewe umezunguka shamba la watu.”