Kitambaa mkononi, keki mezani

Leo jioni nimeoka keki. Mapishi nimeyatoa mtandaoni, ya Kiingereza.

Nikampa binti yangu simu anisomee. Yuko darasa la tano, na Kiingereza chake kimeshanipita mimi.

Akafika mstari wa mwisho: "Dust the cake with sugar."

Kimya.

Kugeuka, namkuta kasimama kando ya keki, kitambaa kikavu mkononi, anaikagua kwa makini.

"Mama, mbona haina vumbi?"

Nimecheka hadi nikakaa chini. Lakini mtoto ana kosa gani? Shuleni "dust the desk" ni kufuta vumbi. Kwenye keki, neno lilelile ni kunyunyizia sukari ya unga. Huku unaondoa, kule unaongeza!

Na si hilo tu. "Left" ni aliyeondoka, halafu hiyohiyo ni kilichobaki. Haya.

Nikajitia kuwacheka Waingereza, binti akanigeukia: "Na sisi je? Kuazima si kuchukua na kutoa pia?"

Nikanyamaza, nikanyunyiza sukari yangu.

Kitambaa bado kakishika.

Nyie neno gani la Kiingereza limewahi kuwaumbua? Tupieni hapa, nicheke na wenzangu.