Mahindi yangu yaligeuka zambarau

Wiki tatu baada ya kupanda hapa Bweyale, Uganda, majani ya chini yalikuwa zambarau kingoni. Mama mkwe akaniambia, "Mwanangu, hiyo ni baridi." Kweli, baridi huweza kuleta rangi hiyo, lakini jua lilikuwa linawaka siku zote. Nikajua ni njaa ya fosforasi, kirutubisho ambacho mmea huchota udongoni. Udongo mwekundu wenye asidi una chuma na aluminiamu vinavyoing'ang'ania, mizizi ikakosa.

Tangu hapo nasoma usiku jinsi mmea unavyojua kuwa una njaa. Wallahi nimeshangaa! Ndani ya seli kuna protini iitwayo PHR1, ambayo watafiti waliieleza mwaka 2001 katika mmea mdogo, Arabidopsis. Kazi yake ni kuwasha jeni za njaa. Fosforasi ikiwa tele, protini nyingine, SPX, huikamata PHR1 isifanye kazi. Ikipungua, SPX huiachia, na jeni nyingi huamka pamoja: za kufyonza, za kuotesha vinyweleo vya mizizi, hata za kutengeneza ile rangi niliyoiona.

Kilichonigusa zaidi ni majani. Hutuma kipande kidogo cha RNA (molekuli inayobeba ujumbe), kiitwacho miR399, kikashuka hadi mizizini na kuzima jeni ya PHO2, ambayo kwa kawaida huzuia ufyonzaji usizidi. Yaani jani linaomba chakula, na mzizi unasikia.

Jana tumeweka DAP, mbolea yenye fosforasi, kizibo kimoja cha soda kando ya kila shina, tukafukia. Mama mkwe alikuja na jembe lake. Katikati ya mstari akaniuliza, "Ile protini uliiitaje?"