Mate yanayochemka bila moto
Wengi hudhani ukitupwa anga za juu bila suti ya anga utapasuka kama puto au utaganda papo hapo. Wapi! Ngozi ni imara, na ombwe, yaani nafasi tupu, halina hewa ya kukupokonya joto upesi. Kinachokuwahi ni kukosa oksijeni. Mwaka 1966, Houston, mpira wa kupitishia hewa kwenye suti ya Jim LeBlanc, mjaribu suti za anga, ulichomoka akiwa ndani ya chumba cha ombwe cha NASA, shirika la anga la Marekani. Alizimia baada ya sekunde 14 hivi. Cha mwisho alichokumbuka ni mate kumchemkia ulimini, kwa joto lilelile la mwili, 37°C, maana mgandamizo wa hewa haukuwepo. Hewa ikarudishwa, akapona. Ila usibane pumzi: hewa hutanuka, mapafu yakachanika.