Mwaridi wa pwani unataka kupumzishwa

Hapa Tanga watu wengi wameshaikatia tamaa miwaridi. Mche unanunuliwa Lushoto ukiwa umejaa maua, unateremshwa mjini, unachanua mara moja au mbili, kisha majani yanapukutika na kubaki miba mitupu. Ndipo utasikia, "Waridi ni ua la baridi, pwani halikai." Mimi nashikilia kwamba linakaa, na linachanua sana, mradi mti upate kupumzika.

Kwenye nchi za baridi kali mwaridi hupukutisha majani na kulala miezi kadhaa. Kwetu joto halikomi, kwa hiyo unachipua mfululizo mpaka unachoka, na majani makongwe yanabaki mtini yakilea ugonjwa. Mkasi ndio unaoupa usingizi ambao hali ya hewa yetu haiutoi.

Mimi hukata mwezi wa Juni, masika yakiwa yameisha na kipupwe kimeingia. Naanza na matawi yaliyokauka, halafu yale yanayosuguana, halafu yote yaliyobaki nayapunguza kufikia kama nusu ya urefu wake. Kila tawi linakatwa juu kidogo ya jicho, yaani pale tawi jipya linapochipulia, linalotazama nje, mkato ukiinama ili maji yasituame. Katikati ya mti pabaki wazi, upepo upite. Mwisho nang'oa majani yote yaliyosalia, hata yale mazima. Jirani zangu hudhani naua mti. Lakini baada ya wiki sita hadi nane unachanua, na mawaridi ya Agosti, wakati huu wa ubaridi, ni makubwa na harufu yake inafika barazani. Ya kaskazi huwa madogo na hubabuka na jua siku hiyo hiyo.

Adui mkubwa hapa ni madoa meusi ya majani. Ni kuvu, na mbegu zake haziwezi kuota mpaka jani likae na maji saa saba hivi. Ukilijua hilo unajua pia wakati wa kumwagilia: asubuhi, shinani, kamwe si jioni juu ya majani. Majani yaliyoanguka nayaokota na kuyachoma; nakuomba sana usiyaache chini ya mti. Vidukari havinisumbui kichwa, maji ya sabuni yanatosha.

Udongo ni habari nyingine. Nyumba nyingi za karibu na bahari zimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na chokaa yake inazuia mti usipate madini ya chuma, hata kama yamo ardhini. Utaona jani changa limegeuka njano huku mishipa yake ingali kijani. Wengi wakiona hivyo huongeza mbolea, ilhali dawa ni kuchimba shimo pana na kulijaza udongo mwekundu wa Muheza uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Na maji ya kisima chenye chumvi yaache kabisa, yanaunguza kingo za majani. Kinga maji ya mvua.

Halafu angalia sana chini ya kiungo cha mche. Miche mingi ya kununua imebebeshwa, yaani imeungwa juu ya shina la mti mwingine, kama michungwa ya Muheza inavyobebeshwa juu ya mlimau. Chipukizi likitoka chini ya pale palipoungwa, ni mti wa chini unaodai nafasi yake, na ukiuachia utaumeza mwaridi wako. Fukua udongo uling'oe linapoanzia. Ukilikata juu juu litarudi na wenzake.

Jamaa zetu wa Oman wakija hutuletea maji ya mawaridi ya Jabal Akhdar, na kila mara mtu huniuliza kwa nini sipandi aina ile. Mashamba yale yapo milimani, kwenye mita 2,000 hivi, na mti wake huchanua msimu mmoja tu, kati ya Machi na Mei, baada ya kupitia baridi. Huku chini ungetoa majani tu. Kwa kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, pamoja na asumini natumia waridi langu jekundu la bustanini, nikilichuma alfajiri kabla jua halijaondoa harufu. Nalikata hadi kwenye jani la kwanza lenye vijani vitano, kwa kuwa hapo ndipo penye jicho lenye nguvu ya kutoa ua jingine.